Nani Atakwenda Naye kwa Chifu?

Mkutano uliitwa saa mbili asubuhi, ukaanza saa tatu na nusu. Ukumbi wa hoteli mjini Mombasa, feni za darini zinajizungukia taratibu, na nyuma ya meza kuu bango lenye nembo kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili, maana mtoa mada wa kwanza alikuwa akitusomea slaidi zake neno kwa neno, nasi macho tunayo. Ajenda ilikuwa namna mashirika ya kijamii yanavyoweza kushikana mikono kuwasaidia vijana wasio na mtu, wale wanaotoka mitaani na kwenye nyumba za watoto, wanapoingia utu uzima. Saa nne ikaja chai kwa mahamri na sambusa. Baada ya chai tukagawanywa makundi, tukapewa kalamu za rangi na makaratasi mapana, tukachora mishale.

Kabla ya dua ya kufunga, mama mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama huko Likoni, na riziki yake ni viazi karai. Alisema mtaani kwao kuna kijana aliyetolewa nyumba ya watoto siku ya Jumatatu kwa sababu ametimiza miaka 18. Kapewa godoro, sanduku la bati na bahasha. Tangu siku hiyo analala barazani kwa watu. "Leo ni Alhamisi," akasema yule mama. "Kesho alale wapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Halafu majibu yakaanza kuja, na yote yalikuwa ya kweli. Mmoja alisema shirika lake hulipa karo, ila ya sekondari tu. Mwingine alisema wao hutoa ushauri nasaha. Wa tatu wana mafunzo ya ushonaji na urembo, na kundi jipya linaanza Septemba. Wa nne, kwa masikitiko ambayo sikuyatilia shaka, alisema mradi wao ni wa watoto na huyu tangu juzi si mtoto. Mwenyekiti akaliandika swali kwenye karatasi ya mambo ya kufuatilia. Tukaenda kula pilau.

Nimekaa na swali lile muda mrefu kuliko mada zote za siku ile. Kila mtu ukumbini alikuwa na kipande cha yule kijana. Huyu ana karo yake, yule ana huzuni yake, mwingine ana ufundi wake wa Septemba. Kijana mzima hakuwa wa mtu. Katika mikutano kama hii husemwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na husemwa kana kwamba ikishatamkwa tu, chawa keshakufa. Lakini chawa huvunjwa na vidole viwili vinavyokutana pale pale alipo chawa. Ukinyoosha vyote kumi, kila kimoja na upande wake, chawa anaendelea kunyonya.

Ninachosema ni hiki: Pwani hatuna upungufu wa mashirika. Tuna upungufu wa mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, anayewajibika kwa kijana mmoja kuanzia siku anapotoka getini na sanduku lake. Ushirikiano wowote usiomzaa mtu huyo ni mapambo ya bango.

Tuanze na sheria, maana huwezi kusema serikali imelala tu. Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuyahamisha malezi kutoka kwenye taasisi kuyarudisha katika familia. Hadi wakati huo nyumba hizo zilikuwa zimehifadhi watoto zaidi ya 40,000, na wengi wao wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowapeleka kule ni umaskini na karo, wala si uyatima. Sheria hiyo inatambua pia kafaala, jambo ambalo sisi wa huku tunalijua tangu zamani: unamlea mtoto wa mwenzio kama wako, nasaba yake ikabaki yake.

Mwelekeo huo siupingi hata chembe. Lakini angalia unavyomfikia mwenye umri mkubwa. Mtoto wa miaka minne hutafutiwa familia. Wa miaka 17 hutafutiwa nauli. Anapelekwa kwa shangazi ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa mgongoni, faili linaandikwa kwamba ameunganishwa na familia, linafungwa. Shangazi ana chumba kimoja na watoto watano. Baada ya wiki mbili kijana yuko stendi, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayeulizwa. Miongozo ya Kenya ya malezi mbadala inakubali kijana wa umri huo aishi peke yake huku akisaidiwa na kuangaliwa, na kwa wengi hiyo ndiyo njia ya busara. Ila njia hiyo inataka kodi ya chumba, na kodi ya chumba sijaiona kwenye bajeti ya shirika hata moja. Nitairudia.

Ukiifungua Katiba ya 2010 utaona kifungu cha 53 ni cha watoto na cha 55 ni cha vijana. Serikalini hali ni hiyohiyo: watoto wana wizara yao, vijana wana yao, na siku ya kutimiza miaka 18 unatolewa kwa hawa bila kukabidhiwa kwa wale. (Kifungu cha 54, kilichobanwa katikati, ni cha watu wenye ulemavu. Kijana mwenye ulemavu anayetoka kwenye nyumba ya watoto ananifanya nikumbuke mpangilio huo kila mara, kwa maana anabanwa pande zote mbili.)

Sasa twende kwa chifu, yule afisa wa utawala wa serikali mtaani, maana hapo ndipo mambo yalipo.

Ukitaka kujua kama mashirika ya mtaa wako yanashirikiana, usisome mikataba yao ya maelewano. Uliza nani alikwenda na kijana kuchukua kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa, na kibarua wa leo hulipwa kwa M-Pesa. Huwezi kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hata Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ambao mkopo wake huanzia shilingi 500, haukutambui. Mlinzi wa geti kwenye mjengo hukuomba kitambulisho kabla hata ya kukwambia kwamba hakuna kazi. Na polisi wa doria usiku, huyo hahitaji maelezo.

Mama wa viazi karai alinisimulia safari zake, nami nazisimulia kama alivyozipanga. Ya kwanza ilikuwa kwa mzee wa mtaa, kijana ajulikane. Ya pili, kwa naibu wa chifu. Pale akaulizwa lile analoulizwa kila mtu: "Baba yako nani? Kitambulisho chake kiko wapi?" Kijana akainama. Aliokotwa sokoni akiwa na kama miaka miwili. Cheti cha kuzaliwa anacho, nyumba ya watoto ilikihangaikia, lakini pa jina la baba pamepigwa X tatu. Mama akasema, "Baba yake ndio mimi." Watu wakacheka, na karani naye akacheka, na foleni ikasogea bila wao.

Hapa sheria iko upande wa kijana kabisa. Kifungu cha 14(4) cha Katiba kinasema mtoto anayepatikana nchini akiwa, au akionekana kuwa, chini ya miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Haki hiyo imeandikwa kwa wino. Lakini haki iliyoandikwa Nairobi haitembei yenyewe hadi kwenye dawati la Likoni. Lazima mtu aibebe mkononi, aisome kwa adabu, asiondoke mpaka isikilizwe. Kijana wa miaka 18, aliyelelewa mahali ambapo kila kitu huletewa na kila swali hujibiwa na mlezi, hawezi kuibeba peke yake. Hajawahi hata kupanga foleni.

Safari ya tatu ikawa ya kurudi nyumba ya watoto kutafuta nakala ya amri ya mahakama iliyompeleka pale. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amesafiri. Ya nne, kwa afisa wa watoto. Huyo hakuwa tena na mamlaka juu ya mtu mzima, lakini alikuwa muungwana, akaandika barua. Ya tano, alama za vidole, na kile kikaratasi cha kusubiri ambacho kijana alikikunja mara nne akakitia ndani ya soksi. Feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu. Matatu si bure, fotokopi si bure, na siku tano za karai lisilotiwa mafuta si bure.

Nembo kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na fungu la kwenda kwa chifu. Sababu yake si roho mbaya. Shirika huishi kwa ripoti, na ripoti hula idadi: wangapi wamehudhuria mafunzo, wangapi wameshauriwa, wangapi wamepewa cherehani. Safari tano za mtu mmoja utaziandika kwenye safu gani? Kwa hesabu ya mradi, siku ya mafunzo yenye vijana hamsini ina faida mara hamsini ya siku ya foleni. Kwa hesabu ya kijana, yale mafunzo ya ujasiriamali aliyopewa bila kitambulisho ni hadithi ya sungura na fisi.

Na hapo hatujagusa kile ambacho mashirika hayapendi kukisema hadharani, kwamba hushindania watu haohao kwa wafadhili walewale. Nimewahi kumwona kijana mmoja, shati lilelile la bluu, kwenye ripoti za mashirika matatu, kila moja likimwita tunda la kazi yake. Ukishirikiana, unamgawia mwenzako tunda. Wanaobanwa hujificha nyuma ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: hatuwezi kutoa faili, ni siri ya mteja wetu. Ni kweli ni siri, na ni sheria nzuri. Lakini sheria hiyo inampa mwenye taarifa zake nafasi ya kukubali zitumike. Mwenyewe si yule aliyekaa barazani? Kumuuliza ni dakika mbili. Ningependa hata zaidi faili liwe lake, apewe bahasha yenye nakala za amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na vyeti vya shule siku ileile anayopewa godoro. Bahasha zinazotolewa sasa huwa na noti chache, nazo huisha kabla ya Ijumaa.

Mwaka 2025 ulitufunza jambo juu ya miradi hii. Tarehe 20 Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa kama shirika. DREAMS, ule mpango wa fedha za Marekani uliokuwa ukiwafikia wasichana wa miaka 10 hadi 24 katika nchi kadhaa za Afrika tangu 2015, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, nao ulitetereka. Vijana waliokuwa na mshauri wa kila wiki wakaamka hawana. Sitaki kuidharau kazi ile. Kuna wasichana waliopita shule na wako hai leo kwa ajili yake. Lakini tazama nani walibaki mtaani magari meupe yalipoondoka. Chama kilibaki. Kamati ya msikiti ilibaki, na kwaya ya kanisa. Mhudumu wa afya ya jamii alibaki na begi lake. Fundi wa tuktuk alibaki na gereji yake ya mabati. Hao ndio waliokuwa wakiitwa kwenye mikutano ya wadau kama wageni waalikwa, wakakalishwa nyuma.

Na mambo haya hayakuanza na wafadhili. Zamani huku kwetu msichana akivunja ungo alitafutiwa somo. Shughuli ilikuwa ya mtaa mzima: huyu analeta mchele, yule analeta kanga, ngoma hazilali. Lakini somo alikuwa mmoja. Alimfunza, akasimama naye siku ya harusi, na miaka kumi baadaye ndoa ikiyumba aliitwa yeye. Jandoni nako kulikuwa na kungwi. Sisemi turudishe yote ya unyago na jando, yapo ya kuachwa yalipo. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yetu: gharama ni ya wengi, jukumu ni la mmoja. Sisi tumeipindua. Jukumu tumewagawia wengi, na gharama tumemwachia mama wa viazi karai.

Uingereza, nchi yenye idara za kila aina, ilibidi iliweke hili katika sheria. Tangu sheria yao ya mwaka 2000, kijana anayetoka katika malezi ya serikali hupewa mshauri wake binafsi, mtu mmoja mwenye jina, na sheria ya 2017 ikarefusha haki hiyo hadi miaka 25. Malalamiko hayakosekani, washauri wana vijana wengi mno mikononi. Lakini kijana akiulizwa nani wako, ana jina la kutaja.

Najua ubaya wa ninachokipendekeza. Mtu mmoja aweza kuwa mtu mbaya. Tumeona "mlezi" anayemchukua kijana akamgeuza mtumishi wa nyumbani asiyelipwa, au akamfanyia yasiyosemeka. Hapo sasa ndipo mashirika yanapopata kazi ya maana. Mmoja amchunguze huyo somo kabla hajaaminiwa, mwingine amtembelee kijana bila taarifa, wa tatu awe na namba ambayo kijana anaweza kuipigia kumshtaki somo mwenyewe. Na somo alipwe nauli na siku zake. Tusigeuze huruma ya akina mama kuwa sera ya taifa. Kazi ya wizara ifanywe na wizara.

Kodi ya chumba, niliyosema nitairudia. Chumba katika nyumba ya Kiswahili kule Likoni, choo cha pamoja, alichotafutiwa yule kijana kilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Mashirika mawili yalisema yako tayari kulipa miezi mitatu. Wahasibu wao wakataka risiti inayokubalika na KRA, mamlaka ya kodi ya serikali. Mwenye nyumba ni bibi mwenye daftari la mraba na kalamu iliyofungwa uzi. Risiti ya KRA aitoe wapi? Kwa hiyo pesa zilikuwepo, chumba kilikuwepo, kijana alikuwepo, na havikukutana. Ukumbi wa ule mkutano wetu, bila shaka, ulikuwa na risiti safi.

Chama kililitatua kwa njia yake. Kila Jumapili hukaa mkekani, daftari husomwa kwa sauti, kila mmoja anajua nani katoa na nani ana deni. Wakaamua kila mwanachama atoe shilingi mia ya ziada, chumba kikalipwa siku hiyohiyo, na bibi akatia sahihi kwenye daftari lao. Mkaguzi wa hesabu gani ana macho makali kuliko wanawake ishirini na tano wanaojuana? Mfuko wa pamoja wa mashirika ungeweza kupitia mahali kama pale, kwa kiasi kidogo na kwa sharti la daftari kusomwa hadharani. Nililitoa wazo hilo kwa afisa wa shirika moja. Akasema ni zuri sana, na kwamba litahitaji warsha.

Wenye ujuzi mkubwa kuliko sote ni wale waliopita njia hiyo wenyewe. Kenya wamejiundia chama chao cha waliolelewa kwenye taasisi, KESCA, tangu 2009. Lakini katika kumbi hizi kijana wa aina hiyo huitwa kutoa ushuhuda. Analia kidogo, anapigiwa makofi, anapewa maji, anarudi kitini, halafu wataalamu wanaendelea. Kwa nini asiketi pale ambapo bajeti inapigiwa kura? Yeye hangesahau fungu la fotokopi.

Mwaliko wa mkutano wa mwaka huu umenifikia wiki jana. Nembo zimekuwa kumi na mbili. Nikampigia mama wa viazi karai nimuulize kama naye kaalikwa. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia kijana, kwa laini aliyoisajili kwa jina lake. Nilisikia kelele za gereji nyuma yake, mtu akiomba spana namba kumi na mbili.

"Mama hayupo," akaniambia. "Ametoka na binti mmoja asubuhi. Wamekwenda kwa chifu."